Kuta za Konstantinopoli, Runazi

Asubuhi za kiangazi kile, kabla sijaona chochote, nilisikia mahindi yakipigwa. Pu, pu, pu: fimbo juu ya magunia nyuma ya nyumba yetu ya Runazi, upande wa Tanzania, ndani ya ukungu uliomeza hata migomba ya jirani. Kisha ilikuja sauti ya baba, tayari yuko katikati ya historia. Alisoma seminari ndogo kabla familia yetu haijakimbia Burundi, na kati ya vyote alivyovuka navyo mpaka, kilichobaki kizima ni habari za milki ya Bizanti. Tulipukuchua, vumbi likituwasha shingoni, naye akapanga magunzi mistari mitatu: hizi ndizo kuta za Konstantinopoli. Rumi ya magharibi ilipoanguka, alisema, ndugu yake wa mashariki aliishi karibu miaka elfu zaidi. Mfalme Justiniani akajenga kanisa ambalo kuba lake lilikuwa kama limening'inizwa kutoka mbinguni. Baadaye wanamaji wa milki walirusha moto uliowaka hata juu ya bahari. Waajemi walikuja, Waarabu walikuja, wakazitazama kuta, wakarudi makwao.

Kiangazi hichohicho alikuja pia baba mkubwa, kaka yake baba. Alikuwa na hoteli ya chakula Lusahunga, pale yanaposimama malori yaendayo mpaka wa Rusumo, na alitafuta mtu wa kuosha vyombo. Alinitaka mimi, niliyekuwa nimechaguliwa kwenda sekondari. Baba hakuwa amewahi kumkatalia kaka yake jambo. Damu ni nzito kuliko maji, na siku zile niliuhisi uzito huo kifuani. "Shikamoo, baba mkubwa," nilimwamkia kila asubuhi. "Marahaba, mhudumu wangu," alijibu, akicheka, akisogeza sahani aongezewe maharage.

Alasiri moja walikaa ndani na pombe ya ndizi. "Wewe na wafalme wako!" baba mkubwa alimtania. "Wako wapi leo?"

"Waliangushwa kwanza na Wakristo wenzao, kaka," baba alisema. "Mwana wa mfalme aliyepinduliwa aliwaita watu wa magharibi wamsaidie. Wakaja, wakapiga kambi, hawakuondoka. Mwishowe wakaupora mji, hata kanisa. Baadaye wenye mji waliukomboa, lakini nguvu haikurudi. Waturuki walipofika na mzinga wao mkubwa, walikuta kuta ndefu na watu wachache."

Mama, aliyekuwa akipepeta maharage mlangoni, aliweka ungo chini. Aliingia chumbani, akarudi na kibuyu kidogo cha pombe chenye mrija, akampa baba mkubwa kwa mikono miwili. Kwetu kinywaji hicho huitwa agashinguracumu, funda la kung'olea mkuki, kwa kuwa zamani mgeni alichomeka mkuki wake uani. Hupewa aliyekwisha kuaga, na akikinywa, maneno yamekwisha.

"Shemeji, mbona mimi sijaaga?"

"Kunywa, shemeji. Malori yanakusubiri."

"Na mtoto?"

"Mtoto anakwenda shule."

Baba mkubwa alimgeukia mdogo wake. Baba aliweka chini kikombe chake. "Kunywa, kaka," alisema.

Halafu baba mkubwa akaangua kicheko hadi machozi. "Huyu mwanamke wangemweka langoni, wafalme wako wangekuwepo mpaka leo!" Akavuta mrija.

Siku hizi nasoma wataalamu wakibishana kwa nini milki ile ilianguka: tauni, kodi, ugomvi wa koo za wafalme. Huenda wote wako sahihi. Nyumba yetu ya udongo haikufikia hata robo ya umri wake. Paka walizaa humo, kisha mvua ikaimaliza, na sasa ni shamba la mihogo. Lakini ilinitosha. Nilisoma, na sijaacha kushukuru. Nikiulizwa furaha ni nini, huwa sitaji sherehe yoyote. Namwona baba mkubwa akivaa kofia, akiinama kukwepa kizingiti, na mama akiufunga mlango nyuma yake.