Kikanyagio Kilichonidanganya, na Uongo Wangu Mwenyewe

Nakumbuka Jumamosi moja ya Oktoba, nikining'inia kwa kamba ya kiunoni futi kumi na tano kutoka ardhini, mguu wa kushoto hauna buti, namtazama mzee wa watu akiteremka mtini kwake ili aje kunitoa mtini kwangu. Nakusimulia haya leo, mwanangu, kwa sababu jana ulinionyesha kwenye simu kikanyagio cha kuwindia mtini ulichokichagua. Ni kizuri, cheusi, chembamba, saizi ya sahani ya chapati. Ukaniambia, "Dad, ndiyo lightest kabisa." Nikatabasamu, maana hata mimi cha kwanza nilikichagua kwa neno hilo hilo.

Usidhani nilikuwa kijana. Nilikuwa na miaka arobaini na sita, lakini kwenye miti nilikuwa mtoto mchanga. Aliyenifundisha ni Mzee Clarence wa Lanham, hapa Marekani, huyu unayemwita Babu. Ni Mmarekani mweusi, fundi wa mabasi aliyestaafu. Mama yake alikuwa kwenye nyumba ya wazee nilikofanya kazi, na siku ya kwanza aliponikuta nikimlisha uji alinisalimu, "Hujambo, ndugu. Umeamkaje?" Nusura nimwage bakuli. Kiswahili alikisoma chuoni akakitunza miaka yote, na kilikuwa sanifu kuliko changu mimi mtu wa Nyeri. Nikichanganya maneno alinisubiri kwa adabu mpaka nimalize, kisha akairudia sentensi yangu ikiwa imenyooka. Nilimpenda hapo hapo.

Akanipeleka kuwinda kulungu kwa upinde. Unaujua mtindo wake: hukai kwenye kiti cha juu ya mti kama wengine. Unavaa mkanda mpana unaokushika kiunoni na mapajani, unajifunga kwenye shina kwa kamba, na miguu inasimama juu ya kikanyagio kidogo cha alumini kilichokazwa mtini. Unaegemea nyuma, unauzunguka mti polepole ukitafuta upande mzuri wa kurushia mshale. Mzee Clarence alikuwa na miaka sitini na tisa, na huko juu aligeuka kimya kimya, kama mtu anayegeuka jikoni kwake kuchukua chumvi. Sijawahi kuona mwili wa mzee ukiwa na utulivu kama ule, na mpaka leo nikimkumbuka nafurahi.

Alinipa kanuni mbili tu. Ya kwanza, kamba ya kiunoni iwe imefungwa tangu unapoacha ardhi mpaka unaporudi. Ya pili, kikanyagio usipande nacho kabla hujakifunga kwenye mti usawa wa goti, ukavaa buti zako za kuwindia, ukasimama juu yake saa mbili nzima. "Ukishafanya hivyo, niambie," alisema. "Mguu wako utakuchagulia vizuri kuliko tangazo."

Mimi nilikuwa nimeshachagua. Nilinunua kile kidogo kuliko vyote, maana mzigo mgongoni ungekuwa mwepesi, na kwa majivuno. Nilikuwa nasimama shifti mbili mfululizo, nageuza wagonjwa, nasukuma vitanda. Nani angenifundisha kusimama? Na hizo saa mbili ningesimamia wapi? Tulikuwa tunakaa kwenye zile apatimenti za Hyattsville, na mti wa pekee ulikuwa kando ya maegesho ya magari. Nusu ya majirani walikuwa watu wa kanisani kwetu. Mwanamume mzima akionekana amejifunga kwenye mti karibu na jalala mchana kweupe, habari zingefika Nyeri kabla hajafungua kamba. Basi nikakiweka kikanyagio juu ya zulia sebuleni, nikasimama juu yake dakika tano na soksi, mama yako akicheka. Jumamosi Mzee aliponiuliza, nikamjibu bila kupepesa macho, "Nimejaribu, Mzee. Kiko sawa."

Tulikwenda kwenye shamba la rafiki yake, kusini huko kwenye mashamba. Mzee alitazama miti akanichagulia mmoja uliopinda kidogo, unaotazama kijito. Yeye akapanda wa pili, hatua kama hamsini kutoka kwangu.

Saa ya kwanza nilijiona mfalme. Ya pili ilipoanza, ukingo wa kile kisahani ulikuwa unanikata katikati ya nyayo, maana visigino vyote viwili vilikuwa nje, havina pa kukaa. Nikalegeza kamba za buti la kushoto nipate nafuu. Haikusaidia, mguu ukafa ganzi. Ndipo nikamwona kulungu dume akitoka kijitoni, yule ambaye Mzee alikuwa akimfuatilia misimu miwili. Alikuwa anaelekea mtini kwake. Nikaona Mzee ameshavuta upinde.

Nikataka kugeuka nione vizuri. Nikauweka uzito wote kwenye pembe ya kikanyagio, upande ule ambao shina limepinda, na kikachomoka na kuzunguka chini yangu. Nilishuka urefu wa mkono, kamba ikanidaka, nikapiga mti kwa shavu, na buti likaanguka chini. Sikuweza kupumua wala kupiga kelele.

Dume alisimama akainua kichwa. Hakukimbia mara moja, mwanangu. Alikuwa wazi mbele ya Mzee, ubavu wote, na mshale ulikuwa tayari. Nilimwona Mzee Clarence akinitazama mimi. Akaulegeza uzi taratibu, akautundika upinde, akaanza kuteremka.

Alipanda kwangu akaushika mguu wangu wenye soksi, akaurudisha kwenye ngazi niliyopandia. "Weka huu hapa. Vizuri. Sasa huu mwingine." Chini alinimiminia chai kutoka kwenye chupa, akaokota buti langu, akalifuta majani, akalishika mkononi.

"Ndugu yangu, ulisimama saa mbili?"

"Hapana, Mzee. Dakika tano. Kwenye sitting room."

"Mti ule uliopinda nilikupa kwa sababu uliniambia umejaribu," alisema. "Ungeniambia hujajaribu, ningekupa ulionyooka, na mimi ningekaa karibu zaidi."

Habari ya yule dume hajawahi kuigusa mpaka leo. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona tangu utotoni, na nikaona pia kwamba nimepata mtu wa kumtegemea.

Wiki iliyofuata alifunga vikanyagio vitatu kwenye mti wa nyuma ya nyumba yake, akanisimamisha juu ya kila kimoja na buti zangu, akiniletea chai. Nilichoshuka nacho nikiwa bado natabasamu kilikuwa kipana na kizito kidogo mgongoni. Ndicho hiki hapa mezani, rangi imekwisha pale nyayo zilipokaa.

Kwa hiyo usikichague kwa uzito wake peke yake. Tazama kisigino chako kiko wapi, ndani au nje. Egemea kulia, egemea kushoto, kanyaga kila pembe, usikie kama kinauma gome la mti au kinacheza. Sikiliza kama kinalia, maana kulungu naye anasikia. Jaribu kwenye mti uliopinda, kwa sababu porini hakuna aliyekunyooshea. Ukikipenda kile chako chepesi baada ya hapo, kichukue kwa moyo mweupe. Na mtu akikuuliza kama umejaribu, mwambie kweli hata ikikuaibisha, kwa sababu kwa jibu lako atakuchagulia mti.

Jumamosi hii twende Lanham. Babu ameshatoa kiti chake nje, anasema magoti yake hayapandi tena lakini macho yanapanda. Tutafunga vyote viwili, chako na changu, usawa wa goti. Utasimama saa mbili, na watakaopita wakutazame mpaka watosheke. Ukichoka, sema umechoka.

Mungu akupandishe salama na kukushusha salama, mwanangu. Akupe pa kukanyaga pasipocheza, na kwenye mti wa jirani akuwekee mtu atakayeulegeza upinde wake kwa ajili yako.