Shimo la Mradi Wangu

Mwaka wa mwisho chuoni, sisi wa jiografia tulitumwa kila mtu kwao akachimbe shimo, aonyeshe tabaka za udongo, mhadhiri aje akague. Bila shimo, hakuna kufuzu. Nikarudi kwetu Zombe na kiburi changu cha msomi, nikashika jembe na mtaimbo.

Ardhi ya kwetu wakati wa kiangazi si udongo, ni ukaidi mtupu. Viganja vilichubuka. Majirani wakipita wananiuliza namzika nani. Lakini lilipofika kifuani, haki ya Mungu, lilikuwa shimo zuri! Upande mmoja niliuchonga ukanyooka, tabaka zikajionyesha: wekundu juu, changarawe katikati, weupe wa chokaa chini. Kila tabaka nikaipigilia kibandiko chenye jina lake. Nilijipenda sana siku hiyo.

Jioni, kesho yake mhadhiri aje, mvua ikanyesha. Ile mvua ambayo kanisa zima lilikuwa linafunga na kuiombea. Asubuhi nikakuta shimo limejaa pomoni, vibandiko vyangu vinaelea.

Nikachukua ndoo. Sijamwaga hata tone, mama akanidaka mkono.

"Unafanya nini?"

"Natoa maji, Mwaitu. Mwalimu yuko njiani."

"Asi! Kumwaga maji? Ukambani hii? Umerogwa?"

Nikamweleza kwamba digrii yangu iko humo chini. Akasema ikae tu, haitaoza. Nilikasirika mpaka machozi yakanilenga, mwanaume mzima. Kugeuka, mke wa pasta keshafika na punda na mitungi, na nyuma yake jirani na mbuzi wake wote.

Mhadhiri, mtu wa Makueni, Mkamba mwenzetu, mkali kama pilipili, alifika suruali imepigwa pasi.

"Shimo liko wapi?"

Nikamwonyesha pale punda alipoinamia. Nikamsihi anipe muda kidogo nilikaushe.

"Ulikaushe?" Alinitazama kama niliyemtukania mama yake. "Mimi hiyo dhambi siishuhudii. Chimba lingine. Nitarudi wiki ijayo."

Nikataka kujitetea, lakini mama alikuwa ameshakwenda mpaka pale maji ya mvua kutoka barabarani hupitia, anachora duara kubwa kwa kisigino.

"Chimba hapa, mwanangu," akaniita, uso unang'aa. "Na ulipanue vizuri. Elimu haina mwisho."