Vidole Baridi vya Raya

Nichekeni na nyinyi, Vitongoji nzima wameshanicheka.

Mimi nesi, na sauti ninayo. Asubuhi ile niliwagombeza kina mama mlangoni mwa kituo: mtoto mgonjwa hapewi barafu! Kisha akaingia Bi Mwanaidi na binti yake Raya, ana homa, kamlegea begani. Nikamshika mkono, baridi kama samaki wa jana. Nikambonyeza kidole, kikawa cheupe. Nikasubiri wekundu urudi. Hauji. Mkono wa pili, vilevile. Nikajiambia: damu haifiki vidoleni!

“Dripu, upesi!” nikapiga kelele.

“Mwanangu miye!” akalia Bi Mwanaidi.

Daktari akaja mbio, akamshika Raya miguu, ambayo mimi sikuigusa.

“Mbona ina moto?” Akambonyeza kifuani, wekundu ukarudi palepale.

Mimi sindano nishaishika. Raya alipoiona akajitupa ndani ya buibui la mama yake, na humo kikachomoka kifuko cha barafu ya ubuyu, kikaangukia kiatu changu.

“Alikuwa kaikumbata kwa mikono miwili,” akasema Bi Mwanaidi, akijifuta machozi. “Nikaificha. Nilikuogopa weye, nesi.”