Afande ameiua minyoo yangu kwa klorini

Ningedanganya leo, minyoo yangu ingekuwa hai.

Nimetoka Bwera kwa boda, na visahani vya maabara kwenye kikapu. Ndani kuna minyoo niliyoitoa ndani ya wadudu wa shamba la kahawa la shangazi. Ni midogo mno, bila hadubini huioni.

Si ya tumboni, jamani! Ndiyo masomo yangu!

Kwenye kizuizi, pale tunaponawa klorini sababu ya Ebola, afande akanisimamisha.

"Fungua! Hii iko nini?"

"Minyoo, afande." (Mjinga mimi.)

"Minyoo? Iko wapi? Mimi sioni kitu!"

Haoni kitu, lakini akachota klorini akamwagia kila kisahani. Nikapiga kelele mpaka mwenye boda akanivuta shati.

Afande akatabasamu: "Sasa iko safi. Pita."

Nina hasira. Ninyi mngemwambia ni nini? Siagi?

Mnajua nilikuwa natafuta nini? Chini ya tumbo la mnyoo mchanga kuna safu ya seli. Chache zinajenga mlango wa kutolea mayai. Zinazobaki, kwa mnyoo wa aina moja zinageuka ngozi. Kwa binamu yake, zinakufa. Ukoo mmoja! Nilitaka kujua njia zao ziliachana wapi.

Kesho asubuhi ningeona kwa minyoo hii ya Bwera seli zipi zinaishi, zipi zinakufa.

Afande hakungoja kesho.