Kocha Msaidizi na Uwanja Uliopungua

Habari ya kifo chake ilinikuta sokoni Korogwe nikichagua nyanya. Muuzaji, dada ambaye zamani alikuwa mwanachuo wake, aliacha kupima akaniuliza, "Mzee, hujasikia? Kocha wetu hatunaye tena." Nilirudisha nyanya kwenye fungu nikaondoka bila kuaga. Msomaji wangu, aliyefariki alikuwa jirani yangu wa Masuguru, kocha msaidizi wa riadha katika chuo kimoja cha ualimu hapa kwetu. Cheo alichoanza nacho ujanani ndicho alichokufa nacho. Makocha wakuu walikuja, wakapiga picha na vikombe, wakahamishwa. Yeye alibaki na filimbi yake na ndoo ya chokaa, na kwenye picha zote hizo ukimtafuta utamwona pembeni ameshika viatu vya wenzake.

Nilikuwa nikimtania kwamba akistaafu ataitwa mstaafu msaidizi. Alicheka, lakini miaka ya mwisho kicheko kilikuwa kimemwisha, na sababu yake naijua kwa kuwa alinieleza mwenyewe, si mara moja. Miaka mingi nyuma palikuwa na binti kutoka Sindeni, mwanachuo, aliyekimbia mita mia nane kwa suruali ndefu na hijabu na kuwaacha wenzake mbali. Baba yake, mkulima mwenye msimamo wake, hakupenda mambo hayo. Alikubali kwa sharti moja: binti akishinda mkoani aendelee, akishindwa mbio ziishe, asome tu. Kocha msaidizi alimnoa kwa msimu mzima. Kila akitazama saa ya kupimia muda alikuwa hayaamini macho yake. Chuo kizima kilianza kumwita binti bingwa hata kabla hajapanda basi.

Mkoani aliongoza mzunguko wa kwanza. Kwenye kona ya mwisho alifyatuka kama alivyozoea kufyatuka nyumbani, na watu wa Korogwe wakasimama wakishangilia. Kumbe njia ilikuwa bado ndefu. Miguu ikamwisha nguvu utepe ukiwa mbele, akampita mmoja, akampita wa pili, akamaliza akitambaa. "Mwalimu, nimekosea wapi?" alimuuliza kocha msaidizi. Jibu alilipata aliporudi chuoni, alipochukua kamba ya katani na kuupima uwanja wao kwa mara ya kwanza. Ulikuwa mfupi. Uwanja ule ulikuwa wa mpira wa manamba, vibarua wa mkataba wa shamba la mkonge, umebanwa kati ya mashamba na reli, na aliyeuzungushia njia za kukimbilia alizungusha palipopatikana nafasi. Tangu hapo kila mwaka watu wamepaka chokaa mpya juu ya mstari wa chokaa ya zamani, naye kocha msaidizi akiwa miongoni mwao, na hakuna aliyewahi kuuliza mzunguko mmoja ni mita ngapi.

Alikwenda kwa kocha mkuu wa wakati huo, mkufunzi mwenye vyeti vyake. Akajibiwa, "Ukisema uwanja ni mfupi, rekodi zetu zote zilizoandikwa ukumbini zinafutika. Unataka chuo kichekwe?" Alipotaka kusema kwenye kikao cha wakufunzi aliambiwa wasaidizi hawaingii. Basi akapanda gari hadi Handeni, akaenda Sindeni kumwona baba wa binti. "Shikamoo mzee. Aliyeshindwa si binti yako, ni uwanja wetu." Mzee aliitikia vizuri, akamkaribisha uji, kisha akamwuliza, "Mwalimu, uwanja ndio uliotambaa mbele za watu?" Sharti likabaki sharti. Binti hakukimbia tena.

Nasema kweli, hasira yangu haiko kwa yule mzee. Yeye alitimiza neno lake. Hasira yangu ni kwetu sisi tuliosoma, tunaolinda sifa ya kitu hata tunapojua ni cha uongo, kwa sababu kukirekebisha kutatuaibisha. Nimeliona hilo shuleni, nimeliona ofisini, na nimechoka kuliona. Mara ya mwisho nilimkuta jirani yangu kituoni Mkata, akinunua mahindi ya kuchoma huku akisubiri basi la kurudi. Nikamuuliza anatoka wapi. "Sindeni," akasema. "Nilikwenda kuomba radhi." Nikamwambia, ndugu yangu, si uliomba mwaka jana? Akala mahindi yake.

Makaburini palijaa. Kiongozi mmoja wa chuo alisimama akamsifu marehemu kwa rekodi nyingi alizotuletea, rekodi ambazo, alisema, hakuna chuo jirani kilichozifikia. Watu wakaitikia amina. Uwanja, nijuavyo, uko vilevile, tena upande mmoja sasa pamemwagwa mchanga na matofali, na wanachuo wa mwaka huu wanazunguka humo humo wakifurahia muda wao. Tulipotawanyika nilimwona mama mmoja wa makamo amesimama na akina mama wengine nje ya uzio, macho makavu. Nilipomsalimia na kumpa pole alijitambulisha: ndiye binti wa Sindeni, sasa mwalimu wa shule ya msingi. Nikamwambia marehemu aliumia sana kwa ajili yake.

"Najua," akasema. "Kila mwaka alikuja kuniomba radhi, mpaka nikawa naogopa kurudi Sindeni likizo. Baba nilimsamehe, na yeye nilimsamehe siku ileile. Mimi sikutaka radhi, mzee. Nilitaka mtu aupime ule uwanja hadharani, nirudishwe mkoani nikiwa bado naweza kukimbia."

Ninachoweza kukuachia, msomaji, ni hiki: kosa ukilijua lirekebishe wakati aliyeumizwa bado ana miguu, maana baada ya hapo utabaki kumpelekea pole tu, na pole haikimbii.