Pengo la Mjomba

Mwaka niliomaliza chuo, daktari wa meno Mwingereza wa hospitali moja ya Nakuru alinipa kazi ya muda. Nikusanye majina ya zamani ya magonjwa ya meno na ufizi, yale ambayo wagonjwa wa mashambani waliyataja naye asiyaelewe. Aliniazima kitabu kikuukuu cha kwao ili nilinganishe. Humo nilisoma kwamba zamani watu wake waliandika "meno" kuwa sababu ya kifo cha mtoto mchanga, neno hilo tu.

Orodha yangu ilikua. Kiseyeye, ufizi unaolegea na kuvuja damu. Ukoga, utando wa manjano. Mdudu wa jino, aliyetolewa kwa moshi wa mbegu za ndulele. Nilishtuka kumkuta mdudu huyohuyo katika kitabu cha daktari, naye akifukuzwa kwa moshi wa mbegu. Watu wasiowahi kuonana walikuwa wameumwa na mnyama mmoja ambaye hayupo.

Chini kabisa, baada ya kusitasita siku mbili, niliandika: pengo, meno mawili ya mbele ya chini. Nililihesabu kuwa ugonjwa. Upande wa mama waliwang'oa watoto meno hayo. Baba, aliyesomea misheni, alikataa nisiguswe, nami nilikua nikimwonea mjomba haya kila alipocheka mbele ya wenzangu.

Kabla sijaikabidhi orodha, mjomba aliletwa kutoka Njoro ndani ya lori la pareto. Alikuwa amekanyaga msumari zizini. Ilikuwa pepopunda, na taya zilikuwa zimefungana kama mlango uliopigwa komeo. Alikwisha kudungwa sindano. Lililobaki, madaktari walisema, ni kumlisha mpaka taya zilegee, la sivyo atakufa kwa njaa na kiu akituangalia. Nilianza kuhesabu mtu huishi siku ngapi bila maji, nikakosea, nikaanza upya.

Dresa mmoja mzee, mfunga vidonda wa wodi, aliinua mdomo wa mjomba kwa vidole viwili, akapitisha mpira mwembamba penye pengo, akamimina maziwa polepole. Koo likapanda, likashuka.

"Mlango ndio huu," aliniambia. "Hukuambiwa, msomi?"

Niliambiwa, tena na mama mwenyewe, kwamba meno hung'olewa ili taya zikifungana mtu alishwe. Nilidhani ni kisingizio cha kutetea desturi.

Niliketi pale kila siku, nikitazama koo lile. Nilimfikiria mtu wa kwanza kabisa kung'oa meno hayo, aliyekaa kando ya mgonjwa mwenye meno kamili na kuona maziwa yote yakimwagikia kidevuni. Alizika. Kisha akawatazama watoto waliobaki, wazima, wakicheza, akaamua. Mimi na shahada yangu nisingethubutu.

Wiki ya tatu taya zililegea. Mjomba alinigeukia, sauti yake ikikwaruza.

"Mpwa wangu, na wewe uliyejaa meno hivyo, siku yako tutapitishia wapi?"

Dresa alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Nilicheka nao. Kisha nikatoa orodha mfukoni na kulikata lile neno la mwisho, ulimi wangu ukipapasa meno ya chini, moja baada ya jingine, yote yakiwa mahali pake.