Choloko kwa L

"Likija jina isilolijua, inafanya nini?"

Swali hilo aliniuliza mama mkubwa, dada yake mama yangu, asubuhi moja katika ghala la wakulima wa Kigwa. Naikumbuka siku ile, mwanangu, kwa sababu nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzi tu, na nilizoea kwamba muulizaji ni mimi.

Kikundi chao kilikuwa kimenipa kazi: niandike programu ya kuuza choroko zao kwenye mnada wa mtandaoni. Mkulima anaandika jina la zao kwenye simu, programu inalilinganisha na majina ya mnada, kisha inatuma ofa. Ofa ikishatumwa hairudi, na anayeahidi mzigo asio nao anafungiwa msimu mzima. Mavuno yao yote yalikuwa humo ghalani, yakisubiri.

"Inajua yenyewe, mama," nilijibu.

"Inajua yenyewe! Kwani imezaliwa huku kwetu Unyanyembe?" Wanawake waliokuwa wakishona magunia wakacheka. "Haya, izuie isitume, niandike mimi."

Nikaizuia. Akaandika kwa kidole kimoja: choloko. Kwa L, kama tunavyotamka wengi wetu tukiwa nyumbani. Kioo cha simu kikaonyesha: UNAUZA ALIZETI.

Ghala zima halikuwa na punje ya alizeti. Kosa nililijua papo hapo. Nilipokuwa naiandika niliona aibu programu yangu ionekane haijui kitu, nikaiagiza kwamba ikikosa jina linalolingana, ichukue la kwanza kwenye orodha.

"Huko chuoni hawafundishi kusema sijui?" aliuliza, wala hakupandisha sauti.

Nikakaa juu ya gunia, nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Mnada ulikuwa bado haujafunguliwa! Nikarekebisha: herufi kubwa na ndogo zichukuliwe sawa, nafasi ambayo simu huongeza mwishoni ifutwe, na jina lisilolingana lisimamishe kila kitu. Alipoandika tena, programu ikamuuliza: "Silijui jina 'choloko'. Ulimaanisha CHOROKO?"

"Eeh, sasa imekua," akasema. Choroko zikauzwa kama choroko.

Mwanangu, sikuambii uache kuhoji. Mimi mwenyewe sijaacha. Ila anza na kile ulichokiandika wewe. Mtu akikuandikia neno usilolitambua, usimbahatishie, wala usimcheke kwa L yake. Simama, muulize. Mungu akupe ulimi mwepesi wa kusema "sijui", na akuwekee karibu mtu wa kukuuliza kabla hujabonyeza.

Miaka mingi baadaye nilikabidhiwa madaftari ya mikutano ya kikundi. Katibu alikuwa mama mkubwa mwenyewe. Ukurasa baada ya ukurasa, kwa mwandiko wake ulionyooka, tangu kabla sijazaliwa, ameandika choroko. Kwa R.